Taa Alizonifungia Mume Wangu

"Taa hazina kosa lolote, bosi. Macho ya mke wangu ndiyo yameharibika."

Aliyesema hivyo ni Dulo. Mume wangu wa ndoa ya kanisani!

Alisema mbele ya meneja, mbele ya mlinzi wa getini, mbele ya Editha aliyefanya kazi meza ya jirani na yangu miaka yote ile... Na wakati anasema, hakunitazama hata mara moja.

Ndugu msomaji, naomba usimhukumu bado. Mimi nilimhukumu palepale, na mpaka leo sijui kama nilikosea au nilipatia.

Naitwa Nelfa. Natoka General Santos, kusini mwa Ufilipino. Kwetu mtoto anamjua jodari kabla hajamjua babu yake.

Kazi yangu ilikuwa kupanga madaraja ya samaki kiwandani. Jodari mzito kuliko mwanamume mzima analazwa mezani kwangu. Nachukua kibomba chembamba cha chuma, namchoma chini ya pezi, nachomoa kipande kidogo cha nyama. Nakisugua kwa vidole kupima mafuta, halafu naangalia rangi.

Kikiwa chekundu cha kung'aa kama tikiti maji, ni daraja la kwanza. Samaki huyo anapanda ndege kwenda Japani.

Kikianza kuwa kahawia, anaishia kwenye kopo.

Ni neno langu tu. Nikisema hivi nahodha ananichekea, nikisema vile anamtukana mama yangu. Niliipenda kazi ile kuliko hata nilivyokuwa nakiri.

Dulo alikuwa fundi mkuu wa umeme kiwandani hapohapo.

Sasa basi, Bwana Alcantara, meneja wetu, akatangaza kwamba kiwanda kizima kinabadili taa. Zile kubwa za zamani, zilizoning'inia kama masufuria na kunguruma kutwa nzima, zing'olewe zote. Zifungwe za LED.

Kusema kweli, za zamani zilikuwa tabu. Umeme ukikatika na kurudi, zilikuwa zinajivuta mpaka ziwake vizuri, na sisi tumesimama kwenye kiza, samaki anapata joto. Hizi mpya ukibonyeza swichi tu, pote kweupe!

Siku ya kuziwasha aliitwa padri akanyunyiza maji ya baraka. Tukapikiwa tambi.

"Bili ya umeme itashuka karibu nusu!" meneja alisema, uso wote meno.

"Na mishahara itapanda?" Editha akauliza.

"Editha, kula tambi."

Tulicheka sana siku ile.

Lakini kulikuwa na jambo moja. Kila meza ilifungiwa safu moja ya taa. Yangu ilifungiwa mbili. Tena za juu ya meza yangu zilikuwa za aina nyingine, na nilisikia kwamba Dulo alibishana na meneja mpaka wakataka kushikana mashati, ilimradi tu zinunuliwe hizo.

Wenzangu hawakuniacha.

"Dada Nelfa, mumeo anataka kukuanika kama dagaa?"

"Hapana, anampiga picha ya pasipoti!"

Nilicheka nao. Ila moyoni sikuzipenda zile taa. Zilinichoma. Nikiinua uso, kila taa niliiona ina duara la ukungu kuizunguka. Na nyama... nyama zote nilianza kuziona zimefanana.

Nikamwambia Dulo nyumbani.

"Punguza zile taa. Zinaniumiza."

"Utazoea."

"Dulo, rangi zinanidanganya. Zinafanana zote."

"Utazoea, Nelfa."

Alinijibu amenipa mgongo, anakuna nazi ambayo tayari ilikuwa imekunwa yote. Nilihisi ananidharau. Nikanyamaza, nikaendelea na kazi kwa kutegemea vidole na mazoea.

Kisha mzigo ukarudishwa kutoka Japani!

Bwana Alcantara aliniita ofisini akanisogezea picha. Jodari wenye lebo zenye jina langu. Wote daraja la kwanza. "Nyama imekuwa kahawia kama udongo," alisema, "na wewe umeipitisha."

"Nani kakuhonga?" akaendelea.

"Hakuna!"

"Samaki hawa wote wametoka boti moja. Nahodha wake ni nani kwako?"

"Sina undugu naye, bosi. Ni zile taa zako! Tangu zifungwe sioni rangi sawasawa!"

"Taa zinawaka kwa kila mtu. Mbona Editha hajakosea?"

Editha alikuwa amesimama mlangoni. Aliinamisha kichwa.

Meneja akaweka simu mezani. "Nawapigia polisi. Lakini kwanza aitwe fundi wa taa, aseme mbele yako."

Nilishusha pumzi. Fundi wa taa si mume wangu? Nikajua nimepona...

Ndipo Dulo akaingia na kusema yale maneno niliyoanza nayo.

"Muongo!" nilipiga kelele mpaka koo likauma. "Wewe ndiye uliyezichagua hizo taa! Unaogopa kufukuzwa, unaniuza mimi!"

Alikuwa anaitazama taa ya ofisini.

"Niambie basi, mume wangu. Macho yangu yana nini?"

Nilifuta machozi kwa mkono wenye harufu ya samaki. Nikamgeukia meneja.

"Twende nje. Nipimeni juani. Jua halikufungwa na Dulo, wala wewe hulilipii bili. Nikikosea huko, nifanyeni mnavyotaka."

Meneja akakubali.

Tukatoka hadi uwanja wa kupakilia. Jua la kwetu mnalisikia tu. Lilikuwa kali mpaka barafu ilitoa moshi. Editha akapanga vipande vya nyama kwenye trei nyeupe. Wapakiaji waliacha mizigo yao wakaja kutazama. Nilisikia wengine wakinong'ona kwamba bibi huyu atawaaibisha, ngojeni muone.

Nikainama. Nikatazama vizuri, bila haraka.

"Hiki daraja la kwanza," nikasema. "Na hiki. Hiki cha kopo. Hiki daraja la kwanza."

Nikainua uso.

"Haya, Editha. Sema sasa!"

Editha alikuwa analia.

"Dada..."

"Sema!"

"Dada, hivyo ulivyosema vya daraja la kwanza vimekuwa kahawia siku nyingi. Chekundu ni hicho ulichokitupa kwenye kopo."

"Unasema uongo. Mnashirikiana na Dulo!"

Nikamvuta mlinzi kwa mkono. Yule hajui lolote kuhusu samaki zaidi ya kuwala.

"Kaka, wewe niambie ukweli. Hiki rangi gani?"

Alisita. Akavua kofia kama mtu aliyefika msibani.

"Kahawia, mama."

Nilitazama tena. Haki ya Mungu sikuona kahawia. Sikuona chekundu pia. Niliona rangi moja tu, rangi ya kitu kilichofuliwa mno.

Bwana Alcantara akarudisha simu mfukoni.

"Huyu si mwizi," alisema taratibu. "Ni mgonjwa. Mpelekeni nyumbani."

Hivyo ndivyo nilivyoacha kazi. Nilivua aproni palepale, na hakuna aliyejua aipokee nani.

Sikwenda kwangu. Nilikwenda kwa dada yangu Merlinda. Jioni Dulo akaja na mfuko wa nguo zangu. Merlinda akamzuia mlangoni.

"Shemeji, una uso wa kuja hapa?"

"Nimemletea nguo."

"Nguo na kisu kipya, au kile cha asubuhi bado kina makali?"

"Mwache," nikasema. "Nataka kumuuliza."

Alikaa kwenye ngazi. Nilikaa mbali naye.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Ijumaa Kuu ya mwaka jana. Ulivaa sketi nyekundu kwenye maandamano ya msalaba."

Nilishtuka. Kwetu Ijumaa Kuu hakuna anayethubutu kuvaa nyekundu. Watu huvaa nyeusi tupu kama usiku.

"Ile si nyeusi?"

"Ni nyekundu, Nelfa. Watu walikuwa wanakukodolea macho. Nilitembea upande wao njia nzima ili wasikuone vizuri."

Nikakumbuka kweli siku ile alinibana ubavuni mpaka nikamkaripia kwamba ananikanyaga.

"Ukanyamaza, Dulo?"

"Ningesema, kiwanda kingekutoa siku hiyohiyo. Ungeishije bila ile meza? Wewe unaota samaki usingizini!"

"Na zile taa?"

Aliuzungusha ule mfuko wa nguo mikononi.

"Niliposikia tunabadili taa nilifurahi kama mtoto. Nilidhani kinachokusumbua ni giza tu. Nikatafuta zile zinazoonyesha rangi karibu sawa na jua, nikakufungia safu mbili. Nilisema moyoni, mke wangu akipata mwanga wa kutosha ataona."

Wasomaji wangu, taa nilizozilaani zilikuwa ndizo bora kuliko zote kiwandani. Na alizitafuta kwa ajili yangu!

"Kama ni hivyo, leo mbona ukanianika mbele ya watu?"

"Nisingesema, wangekuita mla rushwa." Akaweka mfuko chini. "Mgonjwa hufukuzwa, Nelfa. Mwizi hufungwa."

Merlinda, aliyekuwa amesimama nyuma ya pazia anasikiliza, akatoka akamwekea Dulo sahani ya wali.

Najua mnataka iishie hapa. Mume alionekana msaliti, kumbe alipenda. Mwanga, machozi, kukumbatiana. Hata mimi nilitaka iishie hapo. Nilirudi nyumbani naye usiku uleule.

Lakini tulikwenda hospitali.

Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alinipima kwa muda mrefu. Kisha akazima mashine zake moja moja.

"Mama, ni presha ya macho. Imeua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo."

"Naomba dawa basi, daktari."

"Nitakupa matone. Yatashikilia kidogo kilichobaki, kwa muda. Ila kilichokufa hakirudi."

"Hata kwa upasuaji?"

"Hata kwa upasuaji."

Nikauliza swali ambalo natamani nisingeliuliza.

"Ningekuja mapema je?"

"Ugonjwa huu huja kimyakimya, mwenyewe huwezi kuutambua. Ungekuja mwaka jana, tungeuzuia palepale. Leo ungekuwa kazini kwako."

Kisha akauliza, "Hakuna mtu wa karibu aliyeona dalili?"

Nilisikia kiti cha Dulo kikilia.

Daktari akaandika matone.

Tangu siku hiyo imepita misimu miwili ya mvua. Sasa hivi naona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akipita, basi. Kiwandani amewekwa Editha mezani kwangu, chini ya zile safu mbili. Anasema hajawahi kuona nyama vizuri hivyo maishani. Ananiletea kichwa cha jodari cha kuchoma siku za sikukuu, nami namshukuru, kisha akiondoka sili.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Hawakutuambia lolote kuhusu anayeficha maradhi ya mwenzake kwa kumpenda.

Nimemwaza Dulo kwa kila upande, taratibu, kama nilivyokuwa nampima samaki. Hakuniibia. Hakunitukana. Alininunulia mwanga kwa ugomvi na jasho, na mwanga ule ulinisaidia kujidanganya mpaka muda ukaisha. Sijapata daraja la kumpanga.

Kwa hiyo somo langu ni dogo. Ukimwona mwenzako anajigonga kwenye fremu ya mlango aliyoipita miaka yote, mwambie. Mwambie leo hii, hata kama ukweli utamnyang'anya kazi. Kazi ingepatikana nyingine.

Jambo la mwisho. Simulizi hii siiandiki mimi, siwezi tena. Mimi naongea, na anayeichapa kwenye simu ni Dulo. Sina mwingine wa kuniandikia.

Simulizi ilipofika sehemu ile ya daktari aliacha kuchapa. Nilisikia anavyovuta pumzi.

"Niandike kwamba najuta?" aliniuliza.

"Andika nilichosema mimi. Usipunguze, usiongeze."

Baada ya muda vidole vyake vikaanza tena kugonga kioo.

Nadhani ameandika yote kama nilivyoyasema... Nyinyi ndio mnaoweza kuona.