Kompyuta Zilizovishwa Nguo

Kila asubuhi Sindano alifungua duka lake, akapangusa cherehani, akaipaka mafuta, kisha akaanza kushona. Watu walimwita Sindano kwa sababu alikuwa mwembamba, na maneno yake yalichoma. Mkewe alikuwa mwalimu katika shule ya kijiji. Binti yao alisoma hapo hapo.

Shule ilikuwa mbali na mji, na barabara yake ilikuwa vumbi tupu. Hata hivyo, mwaka huo ilipata kompyuta na umeme wa jua. Sindano alifurahi kupita wote. Alikwenda na tepu yake, akapima kila boksi la kompyuta kama anayempima bwana harusi. Akazishonea nguo za kitambaa kizito, zenye kubana kila upande. Aliacha tundu la kitufe na la nyaya tu.

"Vumbi sasa litatafuta pa kwenda," alijigamba. Wazazi wakampigia makofi.

Lakini kompyuta zilisumbua. Wanafunzi walianza kuandika, na kabla somo halijaisha zikazimika moja baada ya nyingine. Zikipumzika, ziliwaka. Zikitumiwa, zilizimika tena. Watu walisema umeme wa jua ni dhaifu. Wengine walisema kijiji kimebambikiwa vitu vibovu.

Jioni moja mkewe alirudi nyumbani uso umemshuka.

"Ofisa elimu amepiga simu," alisema. "Ijumaa analeta lori. Kama bado hazifanyi kazi, anazipeleka shule ya mjini."

Binti aliacha kula. "Na sisi je?"

"Nyinyi mtabaki na ubao. Nitawachorea kompyuta kwa chaki."

Binti hakucheka. Alisukuma sahani, akaingia chumbani. Sindano alimwonea huruma sana.

Kesho yake mwalimu alimwita fundi wa kompyuta. Alikuja kwa pikipiki, mwanamke kijana, mkoba mgongoni. Sindano naye alifunga duka, akaenda kumwona huyo bingwa.

Fundi alipima umeme kwanza. "Umeme uko sawa," alisema. Akawasha kompyuta moja, akasubiri. Kisha akaingiza mkono ndani ya nguo, akautoa haraka.

"Nani amezivisha hizi?"

"Mimi," Sindano alijibu. "Kwani mshono una kasoro?"

"Mshono hauna neno, mzee wangu. Kasoro ni wakati wa kuvaa. Hebu weka mkono hapa."

Sindano aliweka. Boksi lilikuwa la moto.

"Kompyuta ikifanya kazi hupata joto," fundi alieleza. "Ndani kuna feni. Inavuta hewa kwa vitundu hivi, inatoa joto kwa nyuma. Vyote vimezibwa. Joto likizidi, kompyuta inajizima yenyewe ili isiungue."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nazizima?"

Darasa zima lilimtazama. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ulichokiogopa ni kweli," fundi alisema. "Vumbi likijaa ndani, feni hukwama. Ila lizuieni mlangoni na dirishani. Msifagie kwa ufagio mkavu, pigeni deki. Vueni nguo kabla ya kuwasha. Mkizima, ziacheni zipoe, ndipo mzivishe. Na msizibane ukutani."

Siku hiyo Sindano hakugusa suruali ya mtu. Alishona mapazia ya madirisha ya darasa, ya kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, na zulia dogo la kufutia miguu mlangoni. Mteja aliyefuata gauni lake aliambiwa aje wiki ijayo.

Ijumaa lori lilifika. Ofisa alisimama nyuma ya darasa, mikono mfukoni. Somo lilianza, likaisha. Hakuna kompyuta iliyozimika.

"Mbona mliniambia ni mbovu?" aliuliza.

Mwalimu alimtazama mumewe. Sindano akakohoa.

"Zilikuwa zimevaa sweta, bwana. Nilizishonea mimi."

Ofisa alicheka mpaka akashika ukuta. Lori likarudi mjini tupu.

Sindano alilitazama mpaka likapotea. Moyo wake ulikuwa mweupe. Aliporudi ndani, binti yake alimvutia kiti.

"Kaa hapa, Baba. Leo nakufundisha kuwasha."

"Na kuzima?"

"Kuzima unajua."