Tano Isiyosogea

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Naanza na hilo ili msihangaike kumtafuta mwingine.

Kila nikitoka shule nilipitia zahanati anakofanya kazi shangazi yangu, muuguzi, nikamsubiri tuondoke pamoja. Nilikaa chumba cha nyuma, penye friji ya chanjo na kompyuta. Kompyuta ilionyesha joto la friji. Likizidi nyuzi nane, kompyuta hupiga kelele. Mimi niliitumia kucheza mchezo wa magari.

Rafiki yangu alikuwa amenipa programu ya ujanja. Huchungulia kumbukumbu ya programu nyingine inayoendelea kufanya kazi, ikaitafuta namba unayoitaka, nawe ukaibadilisha. Kwenye mchezo nilibakiwa na magari matatu. Nikajipa tisini na tisa. Shangazi akaniita Profesa. Nikavimba kichwa.

Siku hiyo kelele ikaanza. Joto: tisa. Shangazi alikuwa nje akiwapima watoto uzito.

"We Profesa! Hebu tazama plagi ya friji!"

"Nimeshatazama, shangazi!" Sikuinuka hata kidogo. Gari langu lilikuwa linaongoza.

Kelele haikukoma. Basi nikaichungulia programu ya friji. Nikatafuta tisa, zikaja namba mia nne. Joto lilipofika kumi, nikatafuta kati ya hizo ile iliyogeuka kumi. Ikabaki moja tu. Nikaandika tano, nikaifunga isibadilike.

Kimya. Nikacheza saa nzima kwa raha zangu.

Shangazi akaingia mbiombio, akatupia jicho kwenye kompyuta. "Tano. Safi." Akafungua friji, akachukua chupa, akatoka. Siku zote mlango ukifunguliwa namba hupanda, sita, saba. Safari hii, tano. Ilinikodolea macho kama jicho la samaki sokoni.

Ndipo nikasikia kilichokosekana. Friji haikuwa ikinguruma. Nikainama: plagi ilikuwa inaning'inia, nusu nje ya ukuta.

Nje, mama mmoja alikuwa amempakata mwanawe. "Tulia, baba, ni kama kuumwa na sisimizi," alimbembeleza. Sindano ilikuwa tayari mkononi mwa shangazi. Ningeweza kunyamaza, nani angejua?

"Shangazi, usimchome! Ile tano ni yangu!"

Shangazi aliishusha sindano polepole. Nikamweleza yote, huku akina mama kumi na wawili wakinisikiliza. Akaenda kusoma kipimajoto kilichokuwa ndani ya friji: kumi na nne. Akarudi, akaomba radhi, akazitenga chupa zote zisitumike, akawapangia watoto siku nyingine.

"Nimetembea na mtoto mgongoni tangu asubuhi," mama yule alisema, akinitazama mimi.

Walipoondoka, shangazi aliketi. Hakuniita Profesa.

"Chanjo iliyopata joto huharibika. Watoto wale wangerudi nyumbani tukiamini wana kinga, kumbe hawana. Ugonjwa ukija, mama angemlilia nani? Mashine?"

"Lakini shangazi," nikajitetea, "mimi nilibadilisha namba tu. Friji yenyewe sikuigusa."

"Ndiyo," alisema. "Friji ilikuwa inaomba msaada. Wewe ukaiziba mdomo, kisha ukanijibu kwa niaba yake kwamba haijambo."