Chokaa Juu ya Ukuta wa Kwambani

Katika zama zile ambazo kisiwa cha Hamondo kilikuwa dola peke yake, chenye mfaume wake, bandari yake na ukuta wake, hapakuwa na nahodha kati ya Sofala na Hormuzi asiyelijua jina la mji wa Kwambani. Hapo ndipo vyombo vilipotia nanga kununua kamba za makumbi, nene kama mkono wa mtu mzima, zilizosokotwa na wanawake wa kisiwa na kusifiwa kila pwani kwamba hazikatiki. Walinunua na mbuzi, na nazi, na magamba ya kasa, na ambari ikipatikana. Wakaacha chuma, sahani za Uchina na nguo za Kambaya. Kutoka bandarini ilipanda barabara ya mawe meusi, punda watatu wakipishana bila kugusana, ikapita katikati ya minazi na migomba hadi vijiji vya miguuni pa mlima. Watu wa Hamondo waliijenga wenyewe kwa vizazi vinne, na ukiwasikia wakiitaja ungedhani wanamtaja mtoto wao.

Kitu kimoja tu Mungu hakukijalia kisiwa kile, nacho ni mto. Mlima wa moto uliosimama katikati ulikuwa umetapika mawe yenye matundu kama sifongo. Mvua ikinyesha asubuhi, adhuhuri ardhi imeshainywa yote. Kwa hiyo kila nyumba ya Kwambani ilijengwa juu ya birika la mawe, na kila dari ilitiwa mwinamo ili maji ya mvua yateremke ndani, yahifadhiwe hadi msimu mwingine.

Birika lilikuwa mali ya mwanamke. Bwana harusi alikuja na upanga wake na nguo zake mbili, akaikuta nyumba, akalikuta na birika, vyote vya mkewe. Na ulikuwa mwiko mkubwa kutaja kina cha maji. Mwanamke hakumwambia jirani, wala dada yake, wala mume aliyelala naye. Ukimuuliza alijibu, "Yapo, alhamdulillahi," hata kama ndoo yake inakwaruza sakafu.

Na kwa kuwa mwanamume hakuruhusiwa kushuka birikani, mafundi wa mabirika nao walikuwa wanawake. Mkubwa wao mwaka ule alikuwa Nadhira binti Mwandazi, binti wa fundi na mjukuu wa fundi. Mikono yake ilikuwa imepauka kwa chokaa, na mgongoni alimfunga mwanawe wa kwanza, Hilali, mwenye miezi minne, kwa kisutu chekundu.

Nadhira alikuwa na siri. Siku ya saba baada ya kujifungua, mlima ulitikisika kidogo, vyombo vikagongana kabatini, watu wakacheka wakaendelea na shughuli zao. Birika lake likapasuka. Yeye yumo ndani ya arobaini, hawezi kuinama wala kushika mwiko wa ujenzi. Alipotoka, maji yote yalikuwa yameshuka ardhini. Angemwambia nani? Nani tena angemwita fundi ambaye birika lake mwenyewe linavuja? Basi kila alfajiri alijipenyeza hadi birika kuu la msikiti wa Ijumaa na mitungi miwili. Hata mumewe Shehu, mlinzi wa lango la bahari, hakujua.

Ndipo wakaja maharamia wa kusini.

Walikuja mwezi mmoja kabla ya mvua, ngalawa themanini, watu mia nane wenye mikuki, pinde, ngao za ngozi ya ng'ombe na bunduki za gumegume walizopora kwenye merikebu. Kiongozi wao aliitwa Ramboro, mtu mrefu aliyevaa koti jekundu la kizungu bila shati ndani. Watu wa vijijini wakakimbia kwa barabara ya mawe na mbuzi wao na watoto wao, wakaingia mjini, malango yakafungwa. Ukuta wa Kwambani ulikuwa na kimo cha watu wanne, na Ramboro hakuwa na mzinga. Akakaa pwani akangoja. Alijua kinachoua mji uliofungiwa.

Siku ya sita, Nadhira aliitwa kulipima birika la msikiti. Akashuka na ufito, akapanda, akapelekwa barazani kwa Mfaume Msoma. Mfaume alikuwa ameketi amevaa joho jeusi la sufu, jambia kiunoni, midomo imekauka kama ya mtu yeyote.

"Shubiri mbili, Mfaume," alisema Nadhira. "Kwa watu waliomo, ni ya kesho tu."

Waziri akasoma tena masharti ya Ramboro: malango yafunguliwe kesho adhuhuri, naye atachagua watu mia, vijana na kina mama wenye watoto wachanga, awapeleke ng'ambo kuwauza. Waliobaki watapewa maji.

Hilali alipiga chafya mgongoni mwa mama yake. Nadhira akakaza kisutu.

"Hamtafungua lango kabla ya kujua mabirika ya majumbani yana nini," alisema.

Wazee wakatazamana kama watu walioulizwa rangi ya nguo za ndani za mama zao.

"Yana nini?" aliuliza Mfaume.

"Na mimi nakuuliza wewe, Mfaume. La nyumbani kwako lina kiasi gani?"

Mfaume akakohoa. "Binti yangu, mimi naoga nikiambiwa oga." Mtu mmoja akacheka, wengine wakamfuata, na kicheko kile kilikuwa cha kwanza kwa siku sita. Kisha Mfaume akasema kwa upole, "Nenda. Una muda hadi alasiri kuniletea jibu. Ukilikosa, nitafungua lango, nami nitakuwa wa kwanza katika mia hao, kama watamtaka mzee."

Nadhira akawakusanya wanawake uani kwa Bi Kulthumu, mkuu wa nyumba za mtaa wa juu, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali na kipini cha dhahabu puani. Wakajaa hadi ngazini. Akawaeleza masharti ya Ramboro, akawauliza mmoja mmoja.

"Yapo, alhamdulillahi."

"Yapo, mwanangu, hatujalala na kiu."

"Ya kutosha, Mungu apishe mbali."

"Ya kutosha nani?" Nadhira alipaza sauti. "Mimi na nyinyi, au kila mmoja na mlango wake?"

"Usitupigie kelele, Fundi," alisema Kulthumu. "Wewe ndiye uliyeyasakafu mabirika yetu. Unajua ukubwa wake. Hesabu mwenyewe."

"Ukubwa naujua. Maji siyajui."

"Basi anza wewe. La kwako lina kiasi gani?"

Wanawake wakamgeukia. Nadhira alikuwa na jibu lile lile mdomoni. Alilizoea, lilikuwa tayari kutoka. Akamshusha Hilali, akampakata, akamwangalia utosini panapodunda.

"La kwangu ni kavu," alisema. "Limepasuka tangu mlima utikisike. Tangu nitoke arobaini naiba maji ya msikiti alfajiri, kwa kuona haya. Mimi, fundi wenu."

Kutoka mlangoni, Shehu, aliyekuja kumletea mkewe habari za ukutani, alisikika akisema polepole, "Kumbe ndiyo maana kila siku naambiwa nikaoge msikitini."

Kulthumu akavuta pumzi, kipini kikametameta.

"Langu lina shubiri tano," alisema. "Na si tano kamili. Wifi yangu yule pale anadhani nina kumi, ananinunia tangu Ramadhani."

Wifi akasema, "Mimi nina tatu." Mwingine akasema nne. Bibi mmoja wa miaka themanini akakiri ana kumi na moja na hajamwonjesha mtu, akaanza kulia. Nadhira akachukua kaa la moto lililozimika, akachora hesabu ukutani. Alipomaliza, akasimama kando ili wote waone. Kwa nusu kibaba kwa kila mtu, mji ulikuwa na siku nne.

"Nne si nyingi," alisema Kulthumu. "Mvua ni mwezi."

"Ramboro hana mwezi. Shehu, wanachota wapi?"

"Ufukweni, maji yakipwa. Wamechimba visima vya mchanga. Kila siku wanachimba chini zaidi."

Nadhira akatabasamu, na waliomjua wakajua kwamba fundi amerudi. "Kule maji matamu huelea juu ya maji chumvi. Sisi huchimba kwenda kando. Wao wanachimba kwenda chini. Wanakunywa bahari, masikini, na matumbo yao yanawaeleza. Hawana siku tatu. Lakini wanaamini sisi hatuna moja, ndiyo maana wanavumilia. Wakiona tunayo mengi, mioyo itawavunjika. Kesho adhuhuri, saa ya kufungua lango, tuupake ukuta chokaa. Wote. Upande wa nje."

"Kwa maji gani?" akauliza wifi.

"Kwa siku moja katika zile nne."

Kulthumu akashika kiuno. "Jamani nisikilizeni! Mwenye birika kavu anataka kumwaga maji ya wenzake ukutani!" Wanawake wakaangua kicheko, na Kulthumu akangoja kiishe. "Mimi nina brashi mbili za makumbi," alisema. "Nani ana ya tatu?"

Mfaume alipopelekewa jibu alisikiliza hadi mwisho, akavua jambia lake, akampa Shehu. "Simama karibu na mkeo," alisema.

Kesho yake adhuhuri, Ramboro aliposogea na watu wake mbele ya lango la bahari, halikufunguka. Badala yake, juu ya ukuta walijitokeza wanawake mia mbili, kaniki zimefungwa vifuani, ukaya vichwani, ndoo mikononi. Wakaning'iniza vikapu kwa kamba zile zile za makumbi, mafundi wakateremka ndani yake, wakaanza kupaka. Ukuta mweusi ukaanza kuwa mweupe. Walikuwa wakiimba wimbo wa harusi, ule wa matusi.

Mkalimani wa Ramboro akapiga kelele, "Mnafanya nini?"

"Tunapaka chokaa!" alijibu Kulthumu. "Kuna harusi Alhamisi. Na nyinyi mtakuja, au bado mnaendesha?"

"Mna maji ya kuchezea?"

Nadhira alikuwa juu ya buruji, mnara wa pembeni mwa lango. Akaweka beseni la shaba ukingoni, mahali pa kuonekana na watu wote, akamvua Hilali nguo, akaanza kumwogesha. Alimmwagia kata baada ya kata, taratibu, kama mama aliyeko nyumbani kwake, na maji yakachuruzika upande wa nje wa ukuta. Hilali alikuwa akipiga miguu na kucheka. Nadhira hakuharakisha, ingawa bunduki mia zilikuwa zikimtazama na Shehu alikuwa ameishika ngao tayari.

Haramia mmoja kijana akaacha mkuki wake. Akakimbia hadi ukutani, akakinga viganja, akaramba. Wa pili akamfuata. Ramboro akampiga wa tatu kwa ubapa wa upanga, lakini safu ilikuwa imeshavunjika, na alipoona anapoteza watu wake akafanya alilobakiwa nalo, akaamuru ngazi zisimamishwe.

Walikuja kwa ghadhabu ya kiu. Risasi zikagonga mawe, mishale ikaruka, Shehu akaupokea mmoja begani huku amemfunika mkewe na mtoto. Lakini ngazi ziliteleza juu ya chokaa mbichi kama miguu juu ya kamasi. Waliojaribu kuukwea ukuta hawakupata pa kushika. Wanawake wakainamisha ndoo, na uji wa chokaa ukawamwagikia machoni, na machozi ya kuyaosha hawakuwa nayo. Watu wa Mfaume wakatoka kwa lango dogo na mikuki, wakawasukuma hadi mchangani. Vita havikuchukua muda wa kuiva chungu cha wali.

Kulipokucha, maharamia walikuwa wameondoka. Ngalawa arobaini waliziacha, kwa kukosa wapigaji makasia. Kwambani haikutoa mtu hata mmoja, wala wakati ule wala baadaye. Habari ikafika hadi Sofala, na manahodha wakaanza kuuita mji ule Mweupe.

Ila Nadhira alirudi kwenye nyumba yenye birika lililopasuka. Ilibidi lizibwe kabla ya mvua, na chokaa haikandwi bila maji, na mji mzima ulikuwa unaishi kwa nusu kibaba na maji machache yaliyochotwa ufukweni. Hakumwomba mtu. Alimsafisha Shehu kidonda, akakaa kizingitini akimnyonyesha mwanawe.

Kulthumu alikuja na kibuyu. "Nimebakiwa na shubiri moja na nusu," alisema, kwa sauti ya kusikika mtaa wa tatu. "Nusu hii hapa. Kanda." Nyuma yake alikuja wifi yake, kisha yule bibi wa miaka themanini akiongozwa mkono, kisha wengine, kila mmoja akitaja kina cha birika lake kabla ya kumimina. Nadhira akakanda chokaa kwa maji ya nyumba mia moja na kumi, akashuka, akaziba.

Mvua iliwahi msimu wake, ikaanguka siku ya tisa tangu birika lizibwe, mchana, kwa kishindo juu ya dari zote. Nadhira alikuwa chini, amesimama na ufito gizani, anasikiliza. Halikuvuja. Maji yalipofika vifundoni, kisha juu ya vifundo, alipanda hadi darini akiwa amelowa, akaweka mikono mdomoni.

"Shubiri moja!" alipiga kelele.

Kutoka dari ya pili, katikati ya mvua, Kulthumu akajibu, "Mbili!"

"Mbili na nusu!" akasema wifi.

Na kutoka mtaa hadi mtaa, hadi kwenye lango la bahari, wanawake wa Kwambani wakaendelea kuitana.