Macho Makavu Yenye Machozi

Kila siku akitoka shule, Kodo alivua sare, akala, akaosha sahani yake, kisha akaingia chumba cha mbele, kwenye cherehani za shangazi yake. Kazi yake ilikuwa kumtungia shangazi sindano na kushona shanga kwenye magauni ya harusi. Jina la Kodo binti huyu alipewa na wenzake wa darasa la sita. Katika mchezo wa kukodoleana macho bila kupepesa, hakuna aliyewahi kumshinda, na sifa hiyo ilimvimbisha kichwa. Hata shanga alizishona hivyohivyo, macho kodo, akiwa amekaa mbele ya feni ili apate upepo wote peke yake.

Sasa wiki ya pili ilikuwa inakwisha macho yakimchoma kana kwamba yameingia mchanga. Akifungua kitabu tu, machozi hayo! Akiyafuta, yanakuja mengine. Alishindwa kuelewa, kwa maana hakuwa na huzuni hata chembe.

"Nani anakuliza?" mwalimu wa darasa alimwuliza.

"Hakuna, mwalimu. Silii."

"Hulii, na mashavu yamelowa?"

"Yanatoka yenyewe."

Mwalimu alikuwa ameshawasikia watoto wengine wakijibu hivyo, kumbe wameficha makubwa. Alijua kwamba Kodo haishi na wazazi, na kwamba kila jioni yuko kazini. Akampigia simu baba yake, aliyefanya kazi mji mwingine.

Jioni ile baba naye akampigia shangazi. Sauti yake ilisikika hadi mlangoni, alikosimama Kodo. "Dada, Ijumaa nakuja. Kama mtoto haoni raha hapo kwako, naondoka naye."

Shangazi alibaki ameishika simu. "Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, shangazi."

"Basi mbona unalia mbele za watu?"

"Silii, shangazi," Kodo akasema. Machozi yakamtiririka palepale, akatamani kuyapiga makofi. Alikuwa ameishi na shangazi huyu tangu ana miaka minne, na hakutaka kwenda popote. Iwapo baba angemkuta akilia, angeondoka naye tu.

Akaamua kujitibu. Katika droo ya nyuzi mlikuwa na kichupa cha dawa ya macho, kilichobaki shangazi alipougua macho mekundu mwaka uliopita. Kodo akajitilia kwa siri asubuhi, mchana na jioni, kwa siku tatu. Badala ya kupona, macho yakazidi kuwaka na kuiva kama pilipili. Sasa alichanganyikiwa kabisa. Dawa ya macho, mbona inayaumiza macho?

Ijumaa baba alifika, akamtazama mtoto, akamgeukia dada yake. "Mtoto ana macho haya, nawe unasema hana neno?"

"Nasema sijui ana nini," shangazi akajibu. "Twende kwa daktari wa macho. Akisema mtoto analia kwa sababu yangu, mchukue, sitakuzuia."

Daktari wa macho alikuwa mama mpole, asiye na haraka. Alimwuliza Kodo kazi zake za kila siku, akasikia habari za shanga na feni. Alimulika kila jicho, akatia tone la ganzi ili machozi ya kuchomwa yatulie, kisha akapachika kikaratasi chembamba cha kupima machozi kwenye ukingo wa kope ya chini ya kila jicho na kusubiri dakika tano. Alipovitoa, akavitazama kwa makini.

"Macho haya ni makavu," akasema.

Baba aliona kama anataniwa. "Makavu, daktari? Leso mbili zimelowa tangu asubuhi!"

"Ndiyo, ni makavu. Jicho hupakwa utando wa machozi kila tunapopepesa. Mtu asipopepesa, tena anapulizwa na upepo, utando ule unakauka. Jicho likichomwa, linamwaga maji kwa fujo, lakini maji hayo hayakai. Yanaishia mashavuni."

"Kama cherehani iliyokosa mafuta," shangazi akasema polepole. "Hata ukiimwagia ndoo ya maji, itakwama vilevile."

"Umenena, fundi. Lakini ukavu peke yake haufanyi macho yawe mekundu hivi. Binti, umetia nini humu?"

Kodo akainamisha kichwa. Akisema, baba atadhani shangazi anaacha dawa ovyo. Asiposema, daktari atatibu kwa kubahatisha.

"Nilitia dawa ya shangazi, ya mwaka jana," akanong'ona. "Niliichukua kwa siri. Nilitaka machozi yakauke ili nisiondolewe kwake."

Shangazi akamwekea mkono begani.

"Ahsante kwa kusema ukweli," daktari akasema. "Ile ilikuwa ya ugonjwa mwingine, na ilishapitwa na wakati. Ungeweza kujiharibia macho." Akampa dawa ya kulainisha macho, akamwonyesha namna ya kuitia. Akaagiza feni igeuzwe, Kodo apepese macho kwa makusudi, na kila baada ya dakika ishirini aache shanga na kutazama mbali. Arudi baada ya wiki mbili apimwe tena.

Nje ya kliniki baba alikohoa, akakohoa tena. "Dada, nisamehe. Niliona machozi nikajifanya nayajua." Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe, umesikia? Mficha maradhi, kilio humfichua. Mwili ukikusumbua, mwambie mkubwa, naye akupeleke kwa mwenye elimu yake. Dawa ya mtu mwingine si yako, hata awe shangazi yako."

"Nimesikia, baba."

"Mwalimu nitampigia mimi mwenyewe. Nawe unabaki hapa na shangazi yako."

Shangazi aligeukia pembeni. Alivuta ncha ya khanga yake, akajifuta uso, akajifuta tena.

"Shangazi," Kodo akauliza kwa wasiwasi, "na yako pia ni makavu?"

"Hapana, mwanangu," shangazi akasema, akimvuta karibu. "Mimi ninalia."