Tui Ndani ya Kikombe

— Daktari, huo upasuaji wa kupunguza unene unaolipiwa na serikali, na mimi naweza kuupata?

Niliuliza huku natazama viatu vyangu, maana nilikuwa nimejipa moyo mwaka mzima kabla ya kulitoa neno hilo. Sukari ilishaanza kunila figo, na mimba nilikuwa nimeambiwa nisithubutu kubeba na mwili ule. Mume wangu Ropati alikaa pembeni, kanishika mkono.

— Unaweza, Leitu, alisema Dokta Kirwan. Ila foleni ni ndefu. Hospitali inataka kwanza uonyeshe kwamba unapungua, kwa lishe ya unga ya kukoroga nitakayokupa. Ukizidi kunenepa, nafasi anapewa mwingine. Nani atakusaidia nyumbani?

— Mimi! Ropati akadakia. Hiyo lishe ya unga nitamkorogea mwenyewe kila asubuhi.

Nikalia kwa furaha, mjinga mimi.

Na kweli alikoroga. Kila alfajiri kabla hajaenda zamu yake ya kupakia mizigo uwanja wa ndege, aliniachia kikombe cha moto mezani, kizito, cha chokoleti. Nilikunywa mpaka tone la mwisho. Zaidi ya hapo nilikula mboga na kipande cha samaki, basi. Lakini mzani ulizidi kupanda.

— Leitu, niambie ukweli, Dokta aliuliza. Jumapili baada ya ibada mnakula nini?

Jumapili! Kwetu Wasamoa tuliohamia mtaa huu wa Māngere, ukitoka kanisani unakwenda kula kwa wazazi, na ukirudisha sahani imejaa umemtukana mpishi. Basi nikawa nimempata wa kumlaumu. Jumapili iliyofuata mama mkwe, Mama Falanika, aliponisogezea majani ya taro yaliyopikwa kwa tui, nililipuka mbele ya ukoo mzima.

— Mama, unataka kuniua? Nimesema sili!

Mama Falanika akaweka mwiko chini.

— Mwanangu, chakula changu leo kimekuwa sumu? Na lile tui ninalokamua kila Jumamosi, Ropati akaja kukuchukulia kopo zima, mbona hilo hulikatai?

— Tui gani?

— Mama, hebu acha, Ropati akasema haraka. Leitu kachoka. Tunaondoka.

Kwenye gari akaniambia mama yake anazeeka, siku hizi anachanganya mambo. Nikamwamini.

Dokta alinipa nafasi ya mwisho ya kupimwa uzito, Alhamisi. Asubuhi hiyo nyasi zote zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda kwa baridi. Nilichelewa kazini, nikabeba kikombe changu garini na kukisahau humo. Mchana, nikiwa ndani ya gari nje ya kliniki, nikafungua kifuniko ninywe.

Juu kulikuwa na utando mweupe, mgumu. Nikaubonyeza kwa kidole, ukapasuka vipande. Nikanusa. Nazi! Utando kama huo nimeukwangua kwenye masufuria ya mama mkwe kila majira ya baridi, nisingeweza kukosea. Nikakumbuka ule utelezi uliokuwa ukibaki kwenye kaakaa langu kila asubuhi, nikafungua mlango, nikatapika kando ya gurudumu.

Nikamtumia ujumbe: "Kwenye kikombe changu unaweka nini?"

Akajibu: "Mapenzi tu, mke wangu. Kunywa yote. Niko njiani, nakuja kukushika mkono."

Nilisoma maneno hayo, nikakifunika kikombe, nikaingia nacho kwa Dokta.

Alifika na sare yake ya kazi, akanibusu shavuni mbele ya Dokta. Nikalifuta shavu, nikaweka kikombe mezani.

— Kunywa.

— Nini tena, mpenzi?

— Si mapenzi yako haya? Kunywa yote.

Ropati akautazama ule utando, akarudisha mikono nyuma. Dokta Kirwan akainama, akanusa, uso ukamkunjamana.

— Ropati, hili ni tui? Kila siku? Unajua figo zake zina hali gani?

— Ni kidogo tu, Daktari...

Akanigeukia, machozi yanamlengalenga.

— Leitu, nisikilize. Ulipokuwa mwembamba, kule nyumbani Samoa, mjini Apia, wanaume wote walikukodolea macho. Sasa hakuna anayekutazama. Wewe ni wangu peke yangu, nalala usingizi. Ukifanyiwa huo upasuaji utaniacha! Nilifanya kwa sababu nakupenda.

— Ulinisikia nikilia bafuni juu ya mzani, ukanikanda mgongo. Asubuhi ukaamka ukanikorogea tena. Ulikuwa unaninenepesha kama nguruwe wa sherehe, Ropati!

Dokta alivuta pumzi.

— Leitu, nafasi yako nitaipigania. Tunaanza kupima upya. Lakini nahitaji mtu mwingine wa kukusaidia.

Nikapiga simu hapo hapo, nikafungua spika wasikie wote.

— Mama Falanika, ni Leitu. Nisamehe kwa yale ya Jumapili. Lile tui Ropati alikuwa ananinywesha kwa siri, kwenye lishe yangu.

Nikasikia Mama akifunga bomba la maji ili anisikie vizuri.

— Yupo hapo?

— Yupo, Mama.

— Mwambie kwangu asikanyage. Wewe njoo, mwanangu. Chumba kipo, na samaki nitakuchemshia bila tui mpaka daktari wako aridhike.

Ropati akanishika mkono, kwa mkono uleule wa kukorogea. Nikauchomoa wangu.

— Unaona? akalia. Nilijua tu! Nilijua ukipungua utaniacha!

— Sijapungua hata kidogo, Ropati. Nakuacha na kilo zangu zote.