Kiti Chenye Mkanda

Kila alasiri, Cherehani alitoka shuleni akanyoosha moja kwa moja hadi karakana ya mjomba wake, seremala. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu mdomo wake, ukishaanza, haukujua kituo. Alifagia maranda, akapanga misumeno, kisha akaruhusiwa kushika randa.

Juma hilo hata kufagia kulimshinda kwa furaha. Shule ilikuwa imetangaza maonyesho ya kazi za mikono, naye alikuwa akimtengenezea bibi yake kiti. Tangu magoti ya Bibi yaanze kusumbua, hakuweza kuinuka bila kushikwa mkono, na jambo hilo lilimkera kuliko maumivu yenyewe.

"Kitakuwa na mto, kimeza cha mbele, mkanda asianguke, na kengele ya kutuita!" Cherehani alimwaga maneno. "Hatahitaji kuinuka tena kabisa!"

"Mwenyewe anasemaje?" mjomba aliuliza.

"Ni siri, Mjomba! Nataka ashtukie tu!"

Siku moja kabla ya maonyesho, kiti kilifikishwa nyumbani kimefunikwa shuka. Bibi akakalishwa, kimeza kikafungwa mbele yake, mkanda ukabanwa. Kaka yake Cherehani akaigonga kengele.

"Haya, wanafunzi, mapumziko!" akaangua kicheko.

Bibi hakucheka. "Nifungueni," alisema taratibu.

"Hukipendi, Bibi? Nimekibuni mwenyewe!"

"Kiti umekibuni, mjukuu wangu, sikatai. Lakini na mimi umenibuni. Huyo bibi asiyetaka kuinuka umemtoa wapi? Mimi simjui."

Machozi yakamlengalenga Cherehani. Na maonyesho ni kesho! Alivuta pumzi, akachuchumaa mbele ya Bibi.

"Basi nionyeshe. Ukitaka kuinuka, unakwama wapi?"

Uso wa Bibi ukachangamka. "Hapo sasa! Tazama. Kiti ni kifupi, magoti yananigomea. Na hii mikono ya kiti inaishia nyuma mno. Nikitaka kujisukuma, nashika hewa."

"Mikono iwe mirefu! Miguu ipandishwe! Mjombaaa!"

Mjomba, aliyekuwa uani na vifaa vyake, alikuja mbio akidhani nyumba inaungua. Msumeno ukalia, nyundo ikajibu, na Bibi akawa msimamizi. "Ongeza kidogo. Kidogo, nimesema! Mnataka nikae juu ya paa?" Mkanda, kimeza na kengele viliwekwa kando.

Jua lilipokaribia kuzama, Bibi alikaa tena. "Asinishike mtu."

Akaikamata mikono ya kiti, akajisukuma, akayumba. Wote wakanyoosha mikono kumdaka. Akawakata jicho, mikono yao ikarudi. Kisha, polepole, Bibi akasimama wima.

Cherehani alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kubisha hodi. Kaka alitaka kukimbilia mlango.

"Wewe, kaa!" Bibi alimzuia. Akajikongoja mwenyewe, akafungua. "Karibu, jirani. Karibu ndani," alisema, kidevu juu.

Mjomba alimwekea Cherehani mkono begani. "Umeona? Ukitaka kumtengenezea mtu kitu, kwanza muulize, kisha msikilize. Bibi yako hakuhitaji kufungwa vizuri zaidi. Alihitaji kuheshimiwa, kutambuliwa kwamba mwili ni wake na uamuzi ni wake. Kiti kinachomvunjia mtu heshima, hata kikipigwa msasa kikang'aa, bado hakijakamilika."