Shemeji Alianika Nepi kwa Kamba ya Garaji Yangu... Mama Yangu Akapoteza Jicho!

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mama wa watoto watatu, mkaaji wa mtaa wa Mudzipela hapa Bunia, Ituri. Nina diploma ya umeme na mitambo niliyoisomea Kampala, na hakuna aliyenipa kwa sababu ya sura yangu! Nilifua nguo za watu ili nilipe masomo. Wengine wanarudi kutoka ng'ambo na masanduku ya manukato. Mimi nilirudi na ufundi. Leo mfanyabiashara wa mji huu jenereta yake ikigoma, jina la kwanza analotaja ni langu.

Ninajisifu? Ndiyo, ninajisifu. Nimestahili! Lakini ndugu zangu wasomaji, leo sikuja kuwaeleza habari za diploma. Nimekuja kuwaeleza habari za jicho la mama yangu.

Mama alinilea kwa kuuza sombe, majani ya muhogo. Vita vilipochoma kijiji chetu huko Djugu, alikimbilia kambini, akawa analala chini ya hema la plastiki lililotoboka. Nilipojenga nyumba yangu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda kumtoa pale. Nilimwambia, "Mama, kwangu hutasikia tena mlio wa bunduki." Maneno gani yale niliyasema...

Nyumba yangu ina garaji. Mlango wake ni wa chuma, unapanda juu wenyewe ukibonyeza telekomande. Ulikuwa wa kwanza mtaani! Watu walisimama barabarani kuutazama kana kwamba ni harusi inapita.

Mlango wa namna hiyo ni mzito sana. Kinachoubeba ni springi mbili ndefu zilizovutwa kule juu, zile ambazo mafundi wetu wanaziita resori. Springi huzeeka, na siku moja hukatika. Hilo si kosa la mtu. Ndiyo maana ndani ya kila springi hupitishwa kamba ya chuma, ili ikikatika vipande vibaki vimening'inia, visiruke na kumpiga mtu. Kamba zangu nilizinunua mwenyewe Kampala. Zilikuwa zimevikwa plastiki nyekundu. Shikeni rangi hiyo akilini.

Kwa nini sikuufunga mlango mimi mwenyewe? Niliitwa Mahagi-Port kufunga mashine za baridi za wauza samaki. Mume wangu akasema kazi ya garaji apewe mdogo wake, Faustin, ambaye naye anajiita fundi. Alikuwa ameshaitangazia familia nzima. Ningekataa vipi? Kwetu, mke akimnyima shemeji kazi, anakuwa ametangaza vita na ukoo.

Niliporudi, mlango ulikuwa unapanda na kushuka vizuri. Hata hivyo nilichukua ngazi nikaanza kupanda, nikague. Mume wangu alinishika kanga.

"Mama Gloire, unapima kazi ya shemeji yako? Mbele ya baba yangu? Shuka!"

Nikashuka... Jamani, mimi niliyepanda minara ya antena, nilishushwa ngazini na heshima!

Miaka ikapita. Asubuhi moja ya mvua, mama alikuwa ameketi garajini kwenye kiti chake cha plastiki, akichambua maharage. Mume wangu alitoa gari, akabonyeza telekomande akiwa nje. Mlango ukashuka. Ulipokaribia chini, springi ya kushoto ikakatika.

Ililia kama risasi! Majirani walilala chini. Watoto wangu waliingia chini ya meza bila kuambiwa, kwa sababu watoto wa Ituri wanajua la kufanya. Mimi nilikimbilia garajini. Nilimkuta mama amekaa palepale kitini, sahani bado mapajani, mkono umefunika uso. Damu ilikuwa inatiririka juu ya maharage.

Jicho la kushoto halikuokolewa.

Je, mnadhani huo ndio ulikuwa mwisho wa maumivu? Hapana! Familia ya mume wangu ilikuja kutupa pole. Faustin akasimama katikati ya sebule yangu, amenyoosha suruali, akasema:

"Poleni sana. Lakini tuseme ukweli. Mama muzee alivuta ile kamba ya kufungulia mulango kwa mukono umeme ukikosa. Batu ya mugini habajue hivi vitu. Miye nilifunga kila kitu kilichokuwa ndani ya makartoni."

Wote wakatikisa vichwa kukubali. Mwanamke wa kijijini, mjinga, amejiumiza mwenyewe na kuharibu mlango wa mwanawe... Na mama yangu je? Aliinama. Kesho yake nilimkuta anafunga vitenge vyake katika mfuko mkubwa wa nailoni. Alisema anarudi kambini, asiniaibishe tena kwa wakwe zangu.

Kurudi kambini! Kwenye hema lile! Kwa uongo wa mtu mmoja!

Siku hiyo hakuna aliyenishika kanga. Nilipanda ngazi. Zile ndoano ambako kamba ya usalama hufungwa zilikuwa bado na rangi ya kiwandani, bila mkwaruzo hata mmoja. Hazijawahi kubeba kamba. Nikashuka nikimeza hasira. Nilimwomba mama anipe mpaka Jumapili.

Mke wa Faustin alikuwa amejifungua karibuni. Nilichukua sabuni na sukari, nikaenda kumwona mtoto, kama desturi inavyotaka. Nikapita uani. Nepi zilikuwa zimeanikwa, nyeupe, zinapepea... juu ya kamba ya chuma iliyovikwa plastiki nyekundu, mbili zimeungwa kuwa moja!

Sikupiga kelele. Nilimsifu mtoto. Kisha nikamwambia mama yake kwamba ninaihitaji ile kamba, naye akaifungua bila kuuliza. Maskini, alidhani mumewe aliinunua sokoni.

Jumapili baada ya ibada nikawaita wote garajini. Nilikuwa nimeweka springi mpya. Mlango ulikuwa umefungwa. Kile kiti cha mama nilikiweka palepale kilipokuwa.

"Shemeji, karibu kiti," nilimwambia Faustin.

"Pale? Kwa nini pale?"

"Nataka kuujaribu mlango. Nimebadilisha springi tu. Mengine yote yako vilevile ulivyoyaacha wewe."

Akacheka. "Shemeji, weye unapenda mchezo."

"Sichezi. Kaa."

Baba mkwe akachoka. "Kaa basi, mutoto! Kazi si iko yako? Unaogopa nini?"

Faustin alitazama juu. Jasho likamtoka puani. Nikainua telekomande, nikaweka kidole juu ya kitufe.

"Ngoja! Ngoja, shemeji! Siwezi kukaa, ile resori haina kamba ndani!"

Nikashusha telekomande.

"Haina kamba?" nikauliza. "Si ulifunga kila kitu kilichokuwa kwenye makartoni?"

Nikaitupa kamba nyekundu miguuni pake. Bado ilikuwa na kibanio cha nguo. Mke wake aliitazama, akaanza kulia.

Ndipo mama akasema, kwa sauti ndogo: "Nilimuona akizikunja siku alipofunga mulango, anatia ndani ya mufuko. Nilinyamaza. Mama wa muke hawezi kumuuliza ndugu ya mukwe."

Alijua! Alibeba siri hiyo pamoja na kidonda, kwa ajili ya heshima ya ndoa yangu!

Nilimwamuru Faustin apande ngazi afunge kamba zote mbili kwa mikono yake. Alipomaliza nilimkalisha kwenye kile kiti, chini ya kazi yake mwenyewe. Nikafungua. Nikafunga. Nikafungua tena, nikafunga tena... Kila mara mlango ulipogusa chini, alijikunja na kufunika macho. Alilia mbele ya baba yake. Mume wangu alisema inatosha. Sikumsikia.

Nilifurahi? Nilifurahi sana! Na sikuishia hapo. Kila mteja wangu mwenye geti nilimweleza kisa hiki, na jina la fundi nikalitaja. Leo hakuna anayempa Faustin hata kitasa. Amehamia Mambasa. Anatuma watu waniombe msamaha. Ninawapa chai, ninawarudisha. Jicho likirudi, nitasamehe.

Mama yuko kwangu, mfuko wake nimeuchoma. Ila garajini haingii tena.

Wewe unayesoma haya, kama nyumbani kwako kuna mlango kama wangu, nenda leo ukatazame. Usiguse springi, ina nguvu ya kuua. Tazama kama ndani yake imepita kamba. Kama haipo, toa viti, toa watoto, mlango usitumike mpaka fundi anayejua aje. Na fundi huyo akiwa shemeji, mkague vilevile, mbele ya baba yake! Atakasirika. Muache akasirike. Hasira yake itaisha kabla ya chakula cha jioni.

Mama yangu anageuza kichwa kizima ili aone mtu aliyeketi kushoto kwake.